Hatua Mia na Arobaini

Alhamisi, 4 Januari
Hatua 140.

Daktari Stumai amenipa kazi ya shule, mimi mwenye miaka hamsini na mitatu. Nitembee kila siku, nihesabu hatua mpaka mguu uume, kisha niandike. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nimeligeuza, naandika kuanzia nyuma. Hakuna anayeligusa hili. Mke wangu Josefina anajua ndani yake mna viuno vya watu tu, na viuno vya watu havimhusu.

Nyumbani niliaga kwamba naenda kununua nyuzi. Nyuzi nimenunua kweli, mbili, nisiwe mwongo mzima.

Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alinipima presha mkononi, kisha akavua kile kitambaa cha mashine akanifunga kifundoni. Nikacheka, nikamwuliza tangu lini presha ikashukia miguuni. Hakucheka. Presha ya mguu wa kulia imekuja karibu nusu ya ile ya mkononi. Akasema mshipa unaoleta damu mguuni umekuwa mwembamba, ndiyo maana kigimbi kinaniuma nikitembea na kinatulia nikisimama. Uzito kilo mia moja ishirini na moja. Alipochukua futi anipime kiuno nilimzuia, nikajipima mwenyewe kwa futi yangu, kazi ni kazi. Inchi hamsini na mbili. Nilijua. Suruali zangu nimeziongeza kitambaa mara tatu.

Nilimwambia mafuta ya tumboni ni akiba ya mtu, yamelala tu. Akasema hapana baba, hayajalala. Yanafanya kazi usiku na mchana, yanatia kwenye damu vitu vikali ambavyo mwili unashindwa kuvizima. Wataalamu wanaiita hali hiyo msongo wa oksidi. Vitu hivyo vinachubua kuta za mishipa kwa ndani, na palipochubuka mafuta yanang'ang'ania mpaka njia inaziba. Nikauliza, yaani kama kutu? Akasema kutu ni karibu sana. Halafu akaniambia lililonikosesha raha: mishipa ya mguu na ya moyo ni watoto wa nyumba moja, ukiona mmoja anaumwa uwatazame na wengine.

Amenipa vidonge vya aina tatu. Vinakaa kwenye kopo la vifungo. Akataka nimlete mke wangu, maana chakula anapika yeye. Nikasema nitamwambia mwenyewe. Nimeandika hapa ili nijue nimeahidi.

Jumamosi, 6 Januari
Hatua 132.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Watu wamekaa na vitambaa tangu Novemba, wameleta leo, wanataka kesho. Nimeshona kaptula kumi na nne. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na kigimbi kinawaka kama nimekanyaga siafu.

Niandike na njia yangu, daktari aielewe. Kutoka nyumbani Mazwi mpaka kibandani kwangu karibu na soko ni hatua mia sita. Asubuhi ni mteremko, nasimama mara mbili. Jioni ni mlima, nasimama mara nne. Tatizo si kusimama. Tatizo ni mtu mzima kusimama katikati ya njia ameshika mguu kama punda aliyegoma. Kwa hiyo nasalimia. Huku kwetu mtu akisimama kusalimia hakuna wa kumwuliza kwa nini. Umeamkaje, nyumbani wazima, watoto, shamba, mvua, ng'ombe. Salamu moja kamili inatosha kabisa mguu kupoa.

Kituo cha kwanza ni kwa Mzee Maximilian, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Nampa shikamoo, naye hajui kujibu kwa ufupi, Mungu ambariki. Kituo cha pili ni mashine ya kusaga. Cha mwisho ni kwa Adela, mjane anayeuza mboga mbele ya nyumba yake, pale mlima unapokaza. Mguu unaishia hapo hapo kila jioni.

Jumatatu, 15 Januari
Hatua 128. Mvua. Nimefunga mota kwenye cherehani. Nimemwambia Josefina ni maendeleo.

Jumamosi, 20 Januari
Hatua 135.

Mtu hawezi kusimama kila siku mbele ya genge la mboga asinunue. Leo nimepeleka nyumbani kabichi ya tatu wiki hii. Josefina ameitazama kabichi, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimesahau kwamba nyuma ya nyumba tuna tuta zima la kabichi alilolipanda yeye. Nikasema nilimwonea huruma mjane. Kabichi amewapa kuku.

Jumamosi, 3 Februari
Hatua 120.

Siku mbaya. Shemeji yangu Flavian ametuma migebuka, samaki wa ziwani, kutoka Kabwe. Josefina ameikaanga ikaogelea kwenye mafuta, ameweka na ugali wa ulezi mlima mzima, na sahani ya nyama pembeni kwa sababu samaki peke yake kwake si chakula. Nilikula samaki mmoja na matonge matatu, nikanawa.

Akaniuliza chakula kina nini. Nikasema nimeshiba. Akaniuliza nimeshibia wapi.

Hapo ndipo nilipobanwa, na nieleze vizuri. Nilipomwoa Josefina nilikuwa mwembamba kupita kiasi. Kwao Laela walisema kwa sauti kwamba binti yao anakwenda kwa fundi wa kushona mwenye mwili wa sindano, watakufa njaa wote wawili. Hakujibu mtu. Alijibu kwa chungu, miaka ishirini na saba. Mpaka leo mgeni akija anamwonyesha picha ya harusi, kisha ananinyooshea kidole mimi kwenye kochi: huyu ndiye yule. Wageni wanapiga makofi. Kwenye sherehe wake za watu wanamwita awafundishe mabinti namna ya kutunza mume. Mimi ndiye cheti chake.

Sasa nimwambieje? Kwamba kile anachojivunia ndicho kinachoniziba? Afadhali mguu uume. Nikila najiua, nisipokula nina mwanamke mwingine. Hakuna mlango wa tatu katika nyumba hii.

Jumapili, 4 Februari
Nimekula vyote jana usiku baada ya kuandika. Alifurahi. Sikuhesabu hatua.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari
Hatua 138.

Kwaresma imenikomboa. Nimetangaza mezani kwamba mwaka huu nafunga kweli kweli: hakuna nyama, hakuna cha kukaanga, mlo mmoja mkubwa na matunda. Josefina ni Mkatoliki kuliko mimi, hawezi kubishana na mfungo. Siku arobaini za bure. Nilitaka kumbusu padri aliyenipaka majivu.

Jumatano, 21 Februari
Hatua 149. Suruali ya kahawia imelegea.

Jumapili, 25 Februari
Hatua 155.

Baada ya misa nilirudi kwa miguu na Josefina. Tulisimama kwa Mzee Maximilian, tukasimama mashineni. Yeye alidhani nachelewesha makusudi. Tulipofika kwa Adela mguu ukagoma, nikasimama, nikaanza: habari za leo, watoto hawajambo? Adela akasema fundi karibu, leo huchukui mboga? Josefina akaendelea kutembea peke yake bila kugeuka.

Nyumbani alinisubiri nikae. Akasema taratibu, huku anakunja kanga, kwamba amenifahamu miaka mingi na sijawahi kufunga hata Ijumaa moja sawasawa. "Mtu hafungi hivi bure, Baba Mariana. Hii ni toba ya dhambi gani?"

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka. Nikasema ni kwa ajili ya Mariana, binti yetu aliyeko Mbeya, apate kazi. Uongo wenyewe ulikuwa mzuri mno, akalia kidogo, na mimi nikajichukia.

Jumapili, 10 Machi
Hatua 171.

Jana nilikuwa kwa daktari, amefurahi. Anasema kutembea mpaka maumivu, kupumzika na kutembea tena ndiyo dawa yenyewe, mwili unatafuta vijia vingine vya damu. Kumbe miezi yote niliyodhani nawadanganya watu nilikuwa najitibu. Kilo zimepungua saba. Akauliza kuhusu mke wangu. Nikasema yuko shambani. Akaandika kitu kwenye faili na kalamu yake ilikuwa na hasira.

Lakini hilo si kubwa la leo. Baada ya misa jumuiya ilikaa kuchagua wa kubeba msalaba Ijumaa Kuu. Mwaka huu ni zamu yetu, na parokia yetu ina desturi yake: mtu mmoja anabeba mwanzo hadi mwisho, vituo vyote kumi na vinne, kutoka kanisani mpaka juu kilimani. Mzee Maximilian akasimama. Akasema yeye ni mzee, ameona watu wengi wakinenepa na kiburi kikanenepa pamoja nao, lakini fundi Ignasi kadiri Mungu anavyombariki ndivyo anavyozidi kunyenyekea. Hapiti nyumba ya mtu bila kusalimia. Anasimama kwa mjane kila siku. Na jinsi anavyofunga, kila mtu anaona amepungua.

Wakapiga makofi. Nilisimama niseme siwezi, wakadhani ni unyenyekevu, wakapiga makofi zaidi. Josefina hakupiga. Aliposikia neno mjane alitazama chini.

Jumamosi, 16 Machi
Hatua 174.

Nimekwenda kupima njia kabla, maana fundi hakati kitambaa bila kupima. Vituo vingi viko karibu, hatua tisini, mia na kumi, na kila kituo watu wanapiga magoti na kusali muda wa kutosha. Ilinijia kwamba Njia ya Msalaba imetengenezwa na mtu mwenye ugonjwa wangu. Lakini kutoka cha tisa kwenda cha kumi ni hatua mia mbili na kumi, kupanda, udongo mtupu, bila nyumba hata moja. Sijawahi kufika mia mbili na kumi kwenye tambarare bila mzigo.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi
Hatua 180.

Josefina amehamia chumba cha Mariana. Hakugombana. Alibeba mto wake na rozari, akasema anakoroma siku hizi hataki kunisumbua. Hajawahi kukoroma.

Alikwenda kwa Adela jana. Adela mwenyewe ameniambia leo, na sikupenda alivyoniambia, kwa huruma. Josefina alimwuliza wazi. Adela akasema mumeo anasimama, anahema, ananunua, anaondoka, basi. Josefina akasema hakuna mwanamume anayesimama mbele ya nyumba ya mwanamke miezi mitatu kwa ajili ya kuhema.

Alhamisi Kuu, 28 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nimegonga mlango wa chumba cha Mariana nimwambie. Akaniuliza kutokea ndani kama nataka kuungama kwake au kwa padri. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nikasema nilikuwa natafuta mkasi.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Nimekaa kitandani, naandika polepole.

Tuliondoka kanisani saa nne, mvua imekatika, tope mpaka kifundoni. Nilivaa kanzu nyeupe niliyojishonea. Msalaba ni wa mti mbichi, na mvua ilikuwa imeunywesha. Mpaka kituo cha sita nilikuwa sawa. Mguu ulipoanza kuuma kituo kilifika, tukapiga magoti, ukatulia. Kituo cha nane nilianza kuhema. Cha tisa ni pale Yesu anapoanguka mara ya tatu. Niliomba wasali kwa urefu. Padri alikuwa na haraka ya mawingu.

Nikaanza kuhesabu. Hamsini. Themanini. Mia na kumi kigimbi kikaanza kukaza. Mia na thelathini nilikuwa naona cheche. Kwenye mia na arobaini na kitu mguu ukagoma, na si mguu tu, kifua nacho kikabana kama mtu amenikalia. Nikasimama.

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na nyumba wala genge. Hapakuwa na mtu wa kumsalimia. Watu mia tatu nyuma yangu wamesimama, na mimi sina hata habari za asubuhi ya kumpa mtu.

Kwaya wakarudia ubeti. Wakaurudia tena. Mzee Maximilian akaninong'oneza jikaze mwanangu. Nikapiga goti, tope likaingia kwenye kanzu, na nyuma yangu bibi mmoja akaanza kulia kwa sauti, akafuatwa na wengine. Walidhani naigiza. Walidhani nampa Yesu anguko la nne. Sijawahi kuwa mpweke kama pale, watu mia tatu wananililia na hakuna anayejua nina nini.

Josefina ndiye aliyetoka kwenye mstari wa akina mama. Alikuja mbele, akaniinamia usoni. Ananijua nikidanganya. Akaushika msalaba kwa mikono miwili akauondoa begani mwangu, akawaita vijana wawili waubebe. Padri alitaka kusema neno, hakupata nafasi. Akanikalisha kwenye nyasi pembeni, maandamano yakatupita, kila mtu anatutazama.

Akasema, "Sema sasa. Mwili wako wote unasema, umebaki mdomo."

Nikamwambia. Mguu, mshipa, presha ya kifundoni, vidonge, hatua. Nikamwambia kwamba Adela ni hatua mia na arobaini kutoka mashineni, na kama Adela angehama, ningesimama kwa aliyehamia. Aliniuliza tangu lini. Nikasema kwa daktari tangu Januari, maumivu tangu mwaka juzi. Nilidhani tumemaliza.

Kisha akauliza daktari anasema kimesababishwa na nini. Nikatazama nyasi. Nikasema mwili kuwa mkubwa, mafuta, umri, mambo mengi, hata baba yangu alikufa kwa moyo. Akasema, "Mafuta ya nani?" Kutojibu kwangu kukamjibu.

"Kwa hiyo ulinificha ili nisijisikie vibaya."

Nikasema ndiyo.

"Ungekufa," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungekufa, Ignasi, na mimi ningekaa msibani wananisifu kwamba nilikulisha vizuri. Na ningeitikia asante. Hilo ndilo ulilonitakia."

Miaka ishirini na saba hajaniita Ignasi. Nilijiona mwema wakati wote huu, mtu anayembebea mkewe aibu, kumbe nilikuwa nalinda sifa yangu mwenyewe kwa kumtumia yeye. Wimbo ulisikika mbali, kilimani. Tulikaa mpaka kifua kikaachia, tukateremka. Nilisimama mara saba. Hakusalimia mtu. Kila niliposimama alisimama, watu wakapita wakituona tumesimama tu.

Jioni alimpigia daktari simu, namba ilikuwa kwenye karatasi ya vidonge. Daktari alisema kifua kile kisichezewe, twende hospitali sasa hivi. Tumekwenda kwa bajaji. Wamenipima moyo, wamesema haujaharibika ila umeonya, wamenirudisha na dawa ya kuweka chini ya ulimi, na Jumanne nirudi kwa vipimo zaidi. Josefina aliuliza maswali ishirini. Daktari wa huko alijibu yote, mimi nikakaa katikati yao kama kitambaa kinachopimwa.

Jumamosi Kuu, 30 Machi
Hatua 60, uani. Josefina amehesabu kwa sauti. Analala chumba chetu, upande wake, amenigeuzia mgongo. Hajanisamehe na amesema hivyo.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi
Hatua 74.

Sikwenda misani. Saa saba akina mama wa jumuiya wakaja, kumi na wawili, kwa sababu huku mtu akiugua watu hawaji mikono mitupu, na mtu aliyeanguka na msalaba hatazamwi kwa maneno matupu. Nilikuwa chumbani, lakini pua yangu haikuwa inaumwa. Pilau. Kuku wa kukaanga. Nyama ya nguruwe, ile yenye mafuta inayolia kwenye kikaango. Kila mmoja alipika kwa mkono ambao Josefina mwenyewe aliufundisha. Nilikuwa na njaa ya siku arobaini na sita, na chakula cha Pasaka kimesimama mlangoni kwangu.

Nilimsikia akiwapokea na kuwakaribisha viti. Kisha nikamsikia akisema vyombo wasivifungue. Mmoja akacheka, akadhani ni utani. Josefina akarudia. Akasema mgonjwa wake hatakula hicho, leo wala kesho, na yeye hatakipokea, kwa sababu akikipokea atampa. Akasema amemlisha miaka ishirini na saba na mshipa umeziba, na yaliyobaki wamwulize daktari.

Kurudisha chakula cha Pasaka, mbele ya aliyekipika, kwa mwanamke anayeitwa kufundisha mabinti. Mama mmoja akasema polepole kwamba basi hata kidogo, cha baraka. Josefina akasema hapana. Akamwita dada. Akasema hapana tena.

Wakanyanyua vyombo vyao. Nilisikia mifuniko, kisha kandambili kwenye tope, kisha mmoja akisema jambo huko njiani na wengine wakimnyamazisha.

Josefina akaingia chumbani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, bado hanitazami.

"Kufika jioni nitaitwa mchoyo Mazwi nzima," akasema. "Vaa viatu. Tunatoka."

Nikamwambia watatuona.

"Ndiyo," akasema, akainama kunifunga kamba.